Mwenye Mgonjwa Nani?

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la wodi Mwanza, swali hilo unalijua. Sista anatoka na karatasi mkononi, mmoja kati ya ndugu waliokesha nje anainuka. Anatumwa dawa, analeta uji, anarudi kwenye benchi. Wodi ya magonjwa ya akili ina nyongeza: amshike mgonjwa akianza vurugu. Jina la ugonjwa mara nyingi hubaki kwenye faili.

Mazoea haya yana historia, na sidhani yalianzia kwenye roho mbaya ya manesi. Usukumani, aliyepatwa na wazimu alipelekwa kwa mfumu pamoja na nduguze, nao waliulizwa mambo ya ukoo. Waingereza wakaja na mpango mwingine. Mwaka 1927 walianzisha Mirembe, Dodoma. Mwaka uliofuata reli ikafika Mwanza. Sasa mtu wa Ukerewe aliweza kuvushwa ziwa, kupakiwa kwenye treni na kushushwa mamia ya kilomita kutoka kwa mama yake. Nani angemfuata? Uuguzi wa akili ukajifunza kazi kwa wagonjwa wasio na watu.

Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aligeuza mambo mwaka 1954. Pale Aro, Abeokuta, mgonjwa alikuja na ndugu, wakakaa kijijini, ndugu akimpikia na kumsindikiza kwenye matibabu. (Sisi watu wa vijiji tungepaswa kumjua Lambo zaidi.)

Bugando ilipofunguliwa mwaka 1971, hospitali kubwa ikawa hapa kilimani, na ndugu wakapanda na mahotipoti yao. Manesi nao wana lao: wodi imejaa, ndugu huyu anaingiza dawa za mganga kwa siri, yule kamtelekeza mgonjwa na simu haipatikani. Siwalaumu. Ila ndugu anayetumwa tu hujifunza kutumwa.

Shangazi yangu alimuuguza mwanawe katika hospitali moja kando ya ziwa. Waliporuhusiwa alipewa vidonge na maneno mawili: kimoja usiku. Kijana alipopata nafuu, vidonge vikaachwa. Miezi miwili baadaye walirudi, na safari hii sista mwingine akavuta kiti, akamuuliza huwa inaanzaje.

Shangazi akaeleza mpaka uji ukapoa. Kwanza hulala kidogo. Halafu huanza kushona nyavu usiku wa manane, hata zile zisizotoboka.