Nanasi la Makaa na Jibini

Wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam humfanya mtu auchukie wali wa mchana. Hapo ndipo kachumbari inapopata cheo. Ninayotaka kuieleza si ile ya nyanya na vitunguu peke yake, bali ya matunda yaliyopitishwa juu ya makaa, yakachanganywa na jibini mbichi.

Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliolitawanya, pamoja na pilipili, katika karne ya 16. Ndizi ilitangulia zamani zaidi, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Neno kachumbari lenyewe tumelipata Bara Hindi, na jibini ni neno la Kiarabu. Atakayetaka kuondoa kila cha kuja katika bakuli hili atabaki na chumvi.

Mji nao ni wa kuja. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu yao. Kanuni zao za ujenzi, na za Waingereza waliowafuata, ziliwagawa watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini huko Kariakoo. Baina ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ati kwa ajili ya afya. Hoja hiyo sijapata kuiona na nguvu. Mbu hasomi ramani.

Na hilo jina Kariakoo, tunalitamka kila tuendapo kununua nanasi, bila kulisikia. Wajerumani walikuwa wameanza kujenga jengo la soko. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakapafanya mahali pa Carrier Corps, yaani wapagazi wa jeshi, na midomo ya watu ikaligeuza jina. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi za vita visivyokuwa vyao. Wakafa kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na chakula kibovu. Mahali hapo pakawa soko mwaka 1923. Jengo jipya, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likaungua moto. Katika yote hayo jina halikubadilika, nami naona ni vema, maana kumbukumbu nyingine ya wapagazi iliyo midomoni mwa watu kila siku sijui kama tunayo.

Jibini ilitoka upande wa pili wa uwanja, katika majiko ya Uhindini. Uwanja ule uliwekwa kutenga, lakini wapishi na watumishi waliuvuka asubuhi na jioni, na hakuna askari awezaye kupekua ujuzi wa mkono. Majumba mengi yalipotaifishwa mwaka 1971, jamaa wengi wa Kihindi walihama nchi. Kachumbari yao haikuhama.

Chemsha lita mbili za maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta. Yakifura, epua, kamulia limau kidogo kidogo mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, funga, kandamiza kwa kitu kizito muda wa saa moja. Jibini ya namna hii haiyeyuki motoni, hivyo yaweza kuwekwa juu ya wavu kando ya nanasi. Nanasi likatwe vipande vya unene wa kidole, lichomwe hadi kingo zianze kuwa nyeusi. Ndizi mzuzu iwe imeiva. Kitunguu kifikichwe kwa chumvi na kuoshwa, ukali upungue. Changanya na giligilani, pilipili na limau, kile kingali na vuguvugu. Maji ya maziwa yaliyochujwa yasimwagwe. Yanafaa kukandia unga wa chapati.