Neno Haramia: Maana Zake, Visawe Vyake na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Huenda msomaji akastaajabu kuona watu wa Sumbawanga, mji wa nyanda za juu za Ufipa, wanazungumzia wanyang'anyi wa baharini. Bahari ya Hindi iko mbali nasi. Lakini magharibi yetu, chini ya mteremko, kuna Ziwa Tanganyika, na mwambao wake una Kabwe, Kirando na Kasanga. Huko wavuvi wamevamiwa usiku na watu wenye silaha, wakaporwa injini, nyavu na samaki, na wapo waliopoteza roho. Watu hao huitwa mara majambazi, mara maharamia, mara wezi tu. Basi tuyatazame majina haya, kwani hukumu ya jambo hufuata uhakika wake.

Kwanza: Neno kilugha

Baadhi ya wanafunzi hudhani kuwa haramia limetokana na hiraba, neno la mafakihi. Sivyo. Hiraba asili yake ni haa, raa na baa, yaani vita. Haramia ni haa, raa na mim, ule mzizi wa haramu. Waarabu humwita mwizi harami, na wengi wao ni haramiyya. Kiswahili kikachukua umbo hilo la wingi, kikalifanya la mmoja, kisha kikaliongezea wingi wake chenyewe: maharamia.

Kwa asili, basi, neno hili halina bahari ndani yake. Ni mtu wa haramu, popote alipo. Mazungumzo ya siku hizi ndiyo yaliyolivuta zaidi kuelekea baharini, hasa baada ya matukio ya pwani ya Somalia, ambayo mwaka 2008 yalifikishwa mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Waarabu wa leo mtu wa namna hiyo humwita qursan, neno walilolipata kwa watu wa Bahari ya Kati, au husema lusus al-bahr, yaani wezi wa baharini.

Visawe vyake havilingani sawasawa. Mwizi huchukua kwa siri. Mnyang'anyi huchukua kwa nguvu, mwenyewe akiona. Jambazi ni mhalifu asiyejali roho ya mtu.

Je, ziwa ni bahari? Kwa Kiarabu, ndiyo. Katika Surat Fatir, aya ya 12, Qur'ani inataja bahari mbili, moja ya maji matamu na nyingine ya chumvi. Maji matamu nayo yameitwa bahr.

Pili: Hukumu

Sheria ya kimataifa, katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, huhesabu uharamia kuwa ni ule wa bahari kuu, nje ya mamlaka ya dola yoyote. Ziwa Tanganyika limegawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, kwa hiyo anayepora humo si haramia kwa kipimo hicho, bali ni mnyang'anyi wa kutumia silaha.

Mafakihi hawakutazama mpaka wa dola. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mkata njia ni yule anayetegemea nguvu zake mahali ambapo anayeshambuliwa hapati wa kumwokoa. Na mvuvi aliye katikati ya ziwa usiku, atamwita nani? Msingi wa hukumu hii uko katika Surat al-Maida, aya ya 33. Aya ya 34 inamvua anayetubu kabla hajakamatwa. Lakini wanavyuoni wetu wamebainisha kuwa toba hiyo huondoa adhabu iliyo haki ya Mwenyezi Mungu, wala haiondoi haki za waja. Injini ni lazima irudi kwa mwenyewe.

Hapa ndipo penye kutuhusu sisi tusioshika bunduki. Injini iliyoporwa haiishii ziwani. Hupanda mlima, ikauzwa kwa bei ya chini. Anayeinunua huku anajua ni mshirika wa dhambi. Na asiyejua, ingawa hana dhambi, haimiliki. Mwenyewe akidhihiri atarudishiwa, na mnunuzi atamdai aliyemuuzia.

Tatu: Historia

Ufipa ilionja uharamia kabla ya injini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kimalaunga alijijengea nguvu katika bonde la Rukwa, akawa anawashambulia Wafipa. Zama hizo zilijaa ruga-ruga, vijana wa bunduki waliopigana kwa ajili ya mateka na pembe.

Wala tusiwanyooshee kidole wao peke yao. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja, wengi wao Waislamu, ilifika ziwa hili na kuweka vituo. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed al-Murjebi, Tippu Tip, alimpiga Nsama wa Itabwa, kusini magharibi ya ziwa, akatwaa pembe nyingi. Watu huru wasio na hatia walifungwa minyororo na kuuzwa. Tukilitumia neno kwa uadilifu, aliyefanya hayo jina lake ni hilo hilo, hata kama alikuwa anasali. Kumtetea kwa sababu ya kilemba chake ni kuidhulumu dini.

Katika Surat al-Kahf, aya ya 79, jahazi linalotajwa lilikuwa la masikini wanaofanya kazi baharini. Aliyekuwa akipora kila jahazi hakuwa mtu wa msituni, bali mfalme. Na neno lililotumika hapo ni ghasb, lile lile ambalo mafakihi wamelifanyia mlango mzima. Basi haramia hatambuliwi kwa nguo, wala kabila, wala cheo, bali kwa kuchukua mali ya mtu kwa nguvu. Na masikini wale wa jahazi, kwetu sisi, ndio wavuvi wa Kirando na Kasanga. Kuwahurumia kwa maneno hakutoshi, ikiwa sokoni tunanunua bila kuuliza mali imetoka wapi.

Wallahu a'lam.