Daftari la Mtoto wa Bukene

Majirani zetu wa Itetemia, Kwihara na mjini Tabora wametuuliza mara nyingi kwa nini sisi Wahindu, ifikapo Diwali, huleta madaftari ya biashara hekaluni na kuyatia alama nyekundu ya kumkum kana kwamba yana uhai. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Mwenye duka huja na daftari jipya la mwaka, nalo huandikwa katika ukurasa wa kwanza maneno shubh na labh, yaani heri na faida. Ndipo tunapomwomba Ganesh atuondolee vikwazo, Lakshmi atujalie neema, na Sarasvati atupe elimu ya kuitumia neema hiyo.

Daftari la wazee wetu, chopda, lilikuwa refu, lenye jalada la kitambaa chekundu na uzi wa kulifungia. Kilichoingia, jama, kiliandikwa kushoto, na kilichotoka, udhar, kikaandikwa kulia. Mpangilio huu ulitofautiana na ule tuliokuja kufundishwa shuleni kwa mtindo wa Kiingereza, na wengi wetu tulichapwa viboko kwa kuchanganya pande hizo mbili! Waswahili nao wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatujui kama wazee wetu waliusikia usemi huo walipofika, lakini wangeuelewa bila kutafsiriwa.

Watu wa Gujarat walifika nchi hii ya Unyanyembe kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Wasafiri Burton na Speke walipoingia Kazeh mwaka 1857, jina la Musa Mzuri lilikuwa tayari maarufu katika njia ya misafara. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Surat, Khoja kwa madhehebu, si Mhindu wa dini yetu, naye alifariki hapa mwaka 1861. Tunamtaja kwa uangalifu, kwa kuwa misafara ya siku zile ilibeba pembe za ndovu pamoja na watumwa, na daftari la mtumwa halina shubh wala labh. Historia ya wafanyabiashara wa Kihindi katika njia hii ina kurasa ambazo hatuwezi kuzipaka kumkum.

Lakini mtu tunayetaka kumkumbuka katika toleo hili ni wa karibu zaidi. Ni Jayantilal Keshavji Chande, ambaye dunia ilimwita Andy. Alizaliwa Mombasa tarehe 7 Mei 1928, akakulia Bukene, kituo cha reli kaskazini mwa Tabora, katika njia iendayo Mwanza. Baba yake, Keshavji Chande, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Gujarat. Anayeijua Bukene anajua maana ya kukulia pale: gari moshi ndiyo saa ya mji, mkulima anakuja na mzigo wake, na mwenye duka anapima, analipa na kuandika. Mtoto wa duka hujifunza kujumlisha kabla hajajua kwamba anafundishwa. Chande hakuwa mwalimu wa hesabu wa darasani, ingawa baadaye aliongoza kwa miaka mingi bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert, Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa wafanyabiashara wa rika letu, yeye ndiye aliyetupa somo gumu kuliko yote ya hesabu.

Kwanza tuseme kidogo kuhusu siasa, kwa sababu Tabora inahusika. Ni katika mji huu, Januari 1958, TANU ilipofikia ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Ilikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mfumo ule haukuwa wa haki. Lakini kwa kushiriki, TANU iliwapa Waasia waliounga mkono uhuru nafasi ya kusimama pamoja na Waafrika wenzao. Chande naye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni, akiwa bado kijana.

Kisha ukaja mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake mabenki yakawa mali ya umma, na katika siku hizohizo viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vikachukuliwa, vikiwemo vya familia ya Chande. Kazi ya baba na wana, iliyoanzia katika vumbi la Bukene, ilihamishwa kutoka jama kwenda udhar kwa tangazo moja. Mwalimu Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alisoma na kufundisha hapa Tabora, akamtaka Chande abaki kuongoza shughuli hiyo kwa niaba ya taifa. Akakubali. Ndivyo alivyokuja kuwa meneja mkuu wa Shirika la Usagishaji la Taifa, mtumishi wa mshahara katika vinu alivyokuwa akivimiliki.

Sisi tulikuwa watoto wadogo, lakini tunakumbuka mabishano barazani. Wapo wazee waliosema ameinamisha kichwa. Wapo waliosema ni mjanja, anatafuta kinga. Wachache walisema, kwa sauti ya chini, kwamba mtu aliyeijenga mashine anajua inapokwama, na kwamba watu lazima wale unga kesho. Mabishano yalizidi makali mwaka 1971, sheria ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi zikafunga mizigo. Madawati ya shule yakabaki matupu, na wengine wetu hatukuonana tena na marafiki tuliocheza nao.

Kwa Chande, hasara haikuishia hapo. Mkewe alikuwa binti wa ukoo wa Madhvani, wenye mashamba ya miwa ya Kakira, Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Nyumba moja, basi, ilishuhudia mali ya upande wa mume ikienda na kisha ya upande wa mke. Hata hivyo alibaki Dar es Salaam, akalea na mkewe watoto watatu wa kiume, akatumikia bodi za mashirika mengi ya umma. Uingereza ilimpa heshima, akaitwa Sir Andy.

Je, alikuwa sahihi? Vijana tulidhani hapana. Sasa, tukiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, tunaona alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tulivichanganya: umiliki na uaminifu wa hesabu. Cha kwanza kilichukuliwa. Cha pili hakuruhusu kichukuliwe. Hatusemi waliohama walikosea. Kila baba alifunga daftari lake kwa kadiri ya watoto aliokuwa nao na hofu aliyokuwa nayo.

Alifariki Nairobi tarehe 7 Aprili 2017, akiwa na miaka 88. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2005, kinalibeba jina la Bukene katika jalada lake, baada ya miji yote mikubwa aliyoishi na kuitembelea. Mwanachama au jirani mwenye nakala, na aliye tayari kuachana nayo, tunamwomba ailete kabla ya Diwali. Tutaiweka juu ya meza pamoja na madaftari.