Deni Lenye Mwenyewe: Entandikwa, Msamaha wa 1998 na Wajibu wa Kulipa Nchini Uganda

Mijadala ya Kampala kuhusu wajibu wa kulipa deni huanza, mara nyingi mno, na tabia ya mkopaji: kwamba wananchi wamezoea vya bure, na uaminifu umepungua. Historia ya miaka ya 1990 inatuelekeza kwenye swali jingine. Je, mkopaji alimjua nani kuwa mwenye fedha?

Mwaka 1995, uchaguzi wa rais wa Mei 1996 ukikaribia, serikali ilianzisha mpango wa mikopo midogo ulioitwa kwa Kiganda Entandikwa, yaani mtaji wa kuanzia. Jina lenyewe halikutaja deni. Fedha zilitoka hazina ya umma katika msimu wa siasa, na wapokeaji wengi wakazihesabu kuwa ahsante ya kura. Marejesho yakawa haba.

Haiyumkiniki kwamba watu hao hawakujua deni ni nini. Kiganda kina neno ebbanja, na kudaiwa hadharani ni aibu. Katika vikundi vya nigiina, ambamo wanawake wa Kampala hupeana fedha na zawadi kwa zamu, kilichotolewa huandikwa daftarini, na aliyepokea hutarajiwa kurudisha zamu ya mwenzake ifikapo. Mahakama haihusiki. Majirani wanatosha, na pengine ni wakali kuliko hakimu. Wakopaji wakubwa, kwa upande wao, waliielemea Uganda Commercial Bank, benki ya umma, kwa mikopo isiyolipwa, hata ikabidi kuundwa chombo maalumu cha kuikusanya kabla benki hiyo haijauzwa kwa Stanbic mwaka 2002.

Wakati huohuo dola nayo ilikuwa mdaiwa. Aprili 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kukamilisha masharti ya mpango wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kimaadili waziwazi: fedha za kulipia madeni zingeweza kusomesha watoto, hasa baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1997. Hivyo ilikubaliwa kwamba wajibu wa kulipa una mpaka, na mpaka huo ni haki ya wengine. Hoja hiyo naikubali. Ila msamaha wa 1998 ulijadiliwa, ukaandikwa, ukawekewa masharti. Deni lilitambuliwa kwanza, ndipo likapunguzwa. Deni la Entandikwa halikusamehewa kamwe. Lilisahauliwa tu, na aliyekuwa amelipa akaonekana mjinga.

Tofauti hiyo ina uzito leo. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, umekusudiwa kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, au muluka kwa Kiganda, na kaya huweza kukopa hadi shilingi milioni 1. Kwa mujibu wa taratibu zake, fedha hizo ni mfuko unaozunguka ndani ya ushirika wa parishi: alipapo mmoja, mwingine hukopa. Zikitangazwa majukwaani kama zawadi ya mtawala, mkopaji wa Kawempe atazipokea kama baba yake alivyoipokea Entandikwa. Daftari la ushirika lingefaa kuonyesha, kando ya jina la kila anayedaiwa, idadi ya kaya za parishi hiyohiyo ambazo bado zinangoja zamu.