Gisimenti: Mtaa wa Kigali unaoonyesha kinachoupa mji mvuto na uhai

Kwa miaka mingi Kigali imesifiwa kwa usafi, usalama na utulivu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, waendesha pikipiki na abiria wao huvaa kofia ngumu, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hutoka kufanya kazi ya pamoja ya umuganda. Hata hivyo, sifa hizo zimefuatana na lawama moja ya muda mrefu: kwamba mji huo, pamoja na unadhifu wake wote, hulala mapema na hauna msisimko wa Nairobi, Kampala au Kinshasa.

Gisimenti, mtaa ulioko Remera katika wilaya ya Gasabo, hutajwa mara nyingi kuwa jibu la lawama hiyo. Tangu mwaka 2022, barabara ya mtaa huo hufungwa kwa magari mwishoni mwa juma ili watembea kwa miguu waitumie. Meza huingia barabarani, majiko ya mishikaki hukokwa, na vijana kutoka pande zote za jiji hukutana hapo.

Mtaa huo unaibua swali linalowasumbua wapangaji wa miji duniani kote. Ni nini hasa huufanya mji uvutie na uchangamke kiutamaduni? Je, jambo hilo linaweza kupangwa na serikali, au huchipuka lenyewe?

Mtaa ulio njiani

Gisimenti haina jengo mashuhuri wala mnara wa kihistoria unaowaleta watalii. Nguvu yake ya kwanza ni mahali ilipo. Remera imo kwenye njia inayotoka katikati ya jiji kwenda uwanja wa ndege wa Kanombe, na ina kituo kikubwa cha mabasi. Uwanja wa mpira wa Amahoro uko karibu. Uwanja huo ulifunguliwa upya Julai 2024 baada ya kupanuliwa kutoka watazamaji 25,000 hadi 45,000. Jirani yake ni ukumbi wa BK Arena, uliofunguliwa 2019 ukiwa na nafasi za watu wapatao 10,000, ambao umeandaa mashindano ya Ligi ya Kikapu ya Afrika na matamasha ya wanamuziki wa kimataifa, akiwemo Mmarekani Kendrick Lamar mwezi Desemba 2023.

Mchezo unapomalizika au tamasha linapofungwa, maelfu ya watu huhitaji mahali pa kula, kukaa na kuzungumzia waliyoyaona, na Gisimenti huwapokea. Lakini mtaa huo hautegemei siku za michezo pekee. Mchana hufanya kazi kama mtaa wowote wa biashara, wenye maduka ya simu, saluni, duka la dawa, mawakala wa kutuma pesa na migahawa ya chakula cha mchana. Usiku majengo hayo hayo hubadili sura, na baa za ghorofani hufungua roshani zao zinazotazama barabara.

Vyakula vinavyopatikana ni vile vinavyopendwa na wakazi wa Kigali wenyewe: mishikaki ya mbuzi, ambayo Wanyarwanda huiita brochette, ndizi za kuchoma, viazi, nyama ya nguruwe iitwayo akabenz, na igisafuriya, yaani kuku anayepikwa pamoja na ndizi na mboga katika sufuria moja na kuliwa na kundi zima. Ni vyakula vya kushirikiana, na kwa hiyo humweka mtu mezani kwa muda mrefu.

Furaha iliyojengwa juu ya kumbukumbu

Starehe za Remera hazikuanza na uamuzi wa mwaka 2022. Karibu na Gisimenti ipo hoteli na mgahawa wa Chez Lando, ambao wakazi wengi huuita tu "kwa Lando". Ulianzishwa miaka ya 1980 na Landoald Ndasingwa pamoja na mkewe Hélène Pinsky, raia wa Kanada, ukawa miongoni mwa sehemu zilizojulikana zaidi jijini kwa chakula, muziki na mazungumzo.

Ndasingwa alikuwa pia mwanasiasa wa chama cha Liberali na waziri katika serikali. Aprili 7, 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliuawa pamoja na mkewe, watoto wao wawili na mama yake mzazi. Katika majuma yaliyofuata maelfu ya watu walijihifadhi katika uwanja wa Amahoro, uliokuwa chini ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Baada ya vita dada yake, Anne Marie Kantengwa, aliifufua Chez Lando, na wateja wakarudi mezani. Kwa wakazi waliokuwepo wakati huo, kufunguliwa tena kwa mahali pa kula na kucheka kulikuwa na maana kubwa kuliko biashara. Hadi leo muziki wa sherehe hunyamaza jijini kila Aprili wakati wa juma la maombolezo ya kitaifa.

Miaka hiyo hiyo iliubadili mji kwa namna nyingine. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi walirejea kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, wakileta lugha, mapishi na muziki wa walikotoka. Ndiyo sababu meza moja ya Kigali inaweza kusikika ikichanganya Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, lugha ambayo bunge la Rwanda liliidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Barabara tatu, matokeo tofauti

Agosti 2015, mamlaka ya Kigali ilifunga kwa magari sehemu ya barabara ya KN 4, katikati ya jiji, miongoni mwa benki na majengo marefu ya ofisi. Nia ilikuwa njema, lakini kwa miaka kadhaa eneo hilo lilibaki lami tupu. Hapakuwa na viti, vivuli wala vibanda vya vyakula, na ofisi zilipofungwa jioni hapakuwa na sababu ya mtu kubaki. Eneo hilo lilitengenezwa upya kwa kupandwa miti na kuwekwa viti na sehemu za biashara ndogondogo, na kuanzia 2022 likajulikana kama Imbuga City Walk.

Biryogo, katika eneo la Nyamirambo, ilikuwa na hadithi tofauti. Huo ni mmoja wa mitaa ya kale ya Waswahili na Waislamu wa Kigali, wenye asili yake katika enzi ya ukoloni. Wakati wa janga la Covid-19, barabara zake zilifungwa kwa magari ili migahawa ihudumie wateja nje, penye hewa. Lami ilipakwa rangi, meza zikapangwa, na chai ya nanaa pamoja na nyama ya kuchoma vikawavuta hata wale ambao hawakuwa wamewahi kufika hapo.

Gisimenti ilifuata mkondo wa Biryogo. Baa za Rwanda zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, na ziliruhusiwa kurejea kwa awamu kuanzia Septemba 2021. Vijana waliokaa ndani kwa mwaka mmoja na nusu walikuwa na kiu ya kukutana. Barabara ya Gisimenti ilipotengwa kwa ajili yao, haikuhitaji kutafutiwa watu, kwa kuwa walikwisha kuwepo wakigombea nafasi na magari.

Kuondoa magari peke yake, basi, hakuleti uhai. Katika KN 4 mamlaka ilitengeneza nafasi kisha ikasubiri watu, nao wakakawia. Biryogo na Gisimenti watu walikuwepo na mazoea yao, nayo mamlaka iliwaondolea kizuizi.

Mafunzo kutoka kwingineko

Mwandishi Jane Jacobs, aliyeishi New York na baadaye Toronto, alitaja mwaka 1961 masharti manne ya mtaa wenye uhai: shughuli mchanganyiko zinazowaleta watu kwa saa tofauti, vipande vifupi vya barabara vyenye kona nyingi, majengo ya umri tofauti, na wingi wa wakazi. Sharti la tatu huwashangaza wengi. Sababu yake ni ya kiuchumi: jengo jipya hudai kodi kubwa ambayo benki na maduka makubwa huimudu, ilhali mpishi anayeanza, fundi au mwanamuziki huhitaji chumba cha bei nafuu ili ajaribu wazo lake. Jacobs alieleza pia kwamba macho ya wauzaji na wapita njia hulinda mtaa hata pasipo askari.

Mwaka 1962 Copenhagen ilifunga kwa magari mtaa wake mkuu wa Strøget, huku wenye maduka wakihofia kupoteza wateja. Wateja waliongezeka. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ilianza mwaka 1974 utaratibu wa kufunga barabara siku za Jumapili kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu. Kigali nayo ilianzisha siku isiyo na magari mwaka 2016, na Septemba 2025 ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Afrika Mashariki ina mifano yake pia. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, hujaa kila magharibi wenyeji na wageni wanaonunua samaki, urojo na juisi ya miwa mahali hapo hapo. Anayetaka kula hununua, na asiye na pesa hukaa ukutani akitazama bahari bila kuulizwa. Huo ni mvuto usiohitaji tiketi.

Usiku wenye mipaka

Uchangamfu una gharama, na mara nyingi hulipwa na anayelala jirani. Gisimenti imezungukwa na makazi ya watu, na malalamiko kuhusu kelele ni jambo la kawaida katika Kigali. Agosti 2023 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 1, baa, migahawa na kumbi za starehe zingefungwa saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Msimu wa sikukuu za Desemba masharti hayo hulegezwa.

Wanaounga mkono hatua hiyo husema mfanyakazi na mtoto wa shule wana haki ya usingizi, na kwamba ulevi wa usiku kucha huharibu familia. Wanaoipinga husema saa za usiku ni ajira kwa wapishi, wahudumu, wachezeshaji muziki, walinzi na waendesha pikipiki, na kwamba kila saa inayopunguzwa hupunguza kipato chao. Pande zote mbili zina hoja, na hakuna mji uliokwisha kuupata mzani usiobishaniwa.

Jambo lililo dhahiri ni kwamba mashart hayo yana uzito mkubwa katika nchi changa kwa umri. Kigali ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.7 katika sensa ya mwaka 2022, na karibu theluthi mbili ya Wanyarwanda wako chini ya umri wa miaka 30. Wengi wao huishi katika vyumba vya kupanga au kwa wazazi, wasikoweza kukaribisha marafiki. Kwao barabara iliyofungwa mwishoni mwa juma hufanya kazi ya sebule.

Hatari ya kufanikiwa

Mtaa unaopendwa hupanda thamani. Kodi ikipanda, wa kwanza kuondoka ni wale walioupa mtaa ladha yake: mwenye jiko la mishikaki, kinyozi, muuza matunda. Nafasi zao huchukuliwa na biashara zinazofanana na za mji mwingine wowote. Berlin, London na New York zina mitaa mingi iliyopitia njia hiyo.

Kigali ina mpango mkuu wa jiji unaoelekea mwaka 2050, na imeonyesha kwamba iko tayari kubomoa ili kujenga upya. Wakazi wa Kangondo, makazi duni yaliyojulikana kama Bannyahe katika eneo la Nyarutarama, waliondolewa kabisa mwaka 2022 baada ya mvutano wa miaka kadhaa uliofika mahakamani, na wengi walihamishiwa Busanza. Serikali ilisema makazi hayo yalikuwa hatarishi na nyumba mpya ni bora. Baadhi ya wakazi walilalamikia fidia, na umbali kutoka kwenye kazi zao.

Gisimenti si makazi duni, wala hakuna ulinganifu kamili. Lakini swali la msingi ni moja: mji unapopendezeshwa, unapendezeshwa kwa ajili ya nani? Kumbi kubwa, hoteli za kifahari na mashindano ya kimataifa huleta wageni na sifa. Mgeni huyo, akiisha kuona ukumbi, huuliza wenyeji wanakula wapi, na jibu la swali hilo hutegemea kama bado kuna mtaa ambao wenyeji wanaumudu.

Kwa hiyo kipimo cha Gisimenti katika miaka ijayo hakitakuwa wingi wa taa au urefu wa majengo yake. Kitakuwa kama kijana mwenye nauli ya basi na pesa ya mshikaki mmoja ataendelea kupata kiti, na kama jirani anayelala nyuma ya baa ataendelea kuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake na kusikilizwa.