Elimu ya Vina na Mizani katika Nchi ya Ugogo

Kijiji cha Zuzu, kilichoko magharibi ya mji wa Dodoma kando ya reli ya kati, ki mbali mno na Lamu, Pate na Mombasa, na mtu awasikiapo wanafunzi wa huko wakitaja mshororo, ukwapi, utao, tashbihi na istiara, huenda akadhani kwamba istilahi hizo zilifika katika nchi kavu ya Wagogo kama shehena ishushwayo stesheni, wenyeji wasiwe na la kufanya ila kuipokea. Dhana hiyo yaidhulumu tarikhi, kwa kuwa watu wa bara wameshiriki katika kuijenga elimu hii, na kati yao Mgogo mmoja aliitia fani ambayo leo haikosi kutajwa katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili.

Asili ya istilahi zenyewe ni pwani, wala hakuna abishaye. Malenga wa zamani, akiwamo Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, walitunga kwa vina na mizani wakiandika kwa herufi za Kiarabu, na sheria za kazi yao zikirithishwa aghalabu kwa kusikia, mwanafunzi akiketi karibu na fundi wake hadi sikio likazoea. Aliyezikusanya sheria hizo na kuzitia katika kitabu kilichokuja kuwa maarufu mashuleni alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Naye alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika upande ule ule ambako reli ipitayo Zuzu inakomea.

Katika mwaka huo huo wa 1954 kilichapishwa kitabu kingine, Historia, Mila na Desturi za Wagogo, mtungaji wake akiwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Dodoma, Mkristo wa madhehebu ya Katoliki, aliyejifunza ushairi wa Kiswahili hata akahesabiwa miongoni mwa mafundi wake. Mimi naiona sadfa hiyo kuwa na maana kubwa: wakati mmoja, mtu wa Ujiji anaandika sheria za vina, na mtu wa Ugogo anaandika mila za kwao, kisha huyu wa pili anazichukua sheria za yule wa kwanza na kuzipanua.

Na zisidhaniwe kuwa sheria nyepesi. Tutwae mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano tu: Zuzu mvua imekuja, mtama wetu wamea. Kila kipande, ukwapi na utao, kina mizani minane, yaani silabi nane, lakini ahesabuye kwa vidole huona kwamba katika neno mvua ile m haihesabiwi peke yake, hali katika mtama inasimama kwa miguu yake na kudai kidole chake. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Walakini mtoto aliyelelewa kwa Kigogo anao msaada nyumbani, maana kwao mtu huitwa munhu, na masikio yake yamekwisha kuzisikia silabi mbili ambazo Kiswahili kinazificha katika herufi tatu.

Msaada wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, nao ni nyimbo. Wagogo ni watu wa zeze, marimba na ngoma za muheme zipigwazo na wanawake, na katika nyimbo zao kiongozi hutoa neno, wenziwe wakalipokea kwa sauti zinazopandana. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo hahitaji maelezo marefu juu ya kiitikio au takriri, kwa sababu amekwisha kuvitenda kabla ya kuambiwa majina yake.

Ndipo lilipokuja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Mwalimu Nyerere akawataka washairi watumie sanaa yao kuwafunza watu siasa ya Ujamaa. Mnyampala, akiwa katika chama cha washairi kiitwacho UKUTA, aliikuza ngonjera: mashairi ya watu wawili au zaidi wanaojibizana jukwaani, aghalabu mmoja akiwa amepotoka na mwingine akimwongoza, kwa vina na mizani kamili, mpaka wapatane. Kujibizana kwa mashairi kulikuwapo pwani tangu zamani, lakini kuwasimamisha watoto wa shule mbele ya wazazi wao, kila mmoja na sehemu yake aliyoihifadhi moyoni, hiyo ndiyo sura ambayo yeye aliieneza.

Wahakiki wa baadaye wameilaumu ngonjera kwa kufanywa tarumbeta ya siasa, na kwa upande wa maudhui nakubaliana nao katika tungo nyingi. Lakini lawama hiyo haiufikii muundo, ambao hata leo hubeba habari za afya, ndoa na kilimo kwa wepesi ule ule. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka chapa mwaka 1970 na 1971, asizione. Ila kazi moja imebaki kwa walimu wa Zuzu na jirani zao: kuwauliza wazee, wangali hai, majina ya Kigogo ya sehemu za wimbo, wayaandike ubaoni sambamba na ukwapi na utao.