Mihuri ya Wakati: Jinsi Unix Ilivyojua Faili Ipi Imeguswa

Machi 31 ni Siku ya Bakapu Duniani, lakini Noonkopir, mjini Kitengela, Kajiado, siku hiyo hupita kimya. Kutwa nzima, saiba za kando ya barabara ya Namanga huchapa mikataba ya ploti, CV na ritani za KRA, na nyingi ya kazi hizo hubaki ndani ya kompyuta moja. Diski ikifa, zimepotea. Ilhali mbinu ya kuzilinda, tena bila kunakili kila kitu upya kila usiku, ina umri wa takriban nusu karne.

Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilianza katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Kila faili ndani yake ina inodi, rekodi inayotunza ukubwa wake, mmiliki wake na mihuri ya wakati. Programu ya bakapu iitwayo dump ilikuja na toleo la 6 la Unix, mwaka 1975. Toleo la 7, mwaka 1979, lilileta tar, programu ya kufunga faili katika kifurushi kimoja, na kuipa dump ngazi za bakapu, 0 hadi 9. Ngazi 0 hunakili diski nzima. Ngazi nyingine hunakili tu kilichobadilika tangu bakapu ya mwisho ya ngazi iliyo chini yake.

Kilichobadilika hujulikanaje? Kwa mihuri. Muhuri wa mtime husogea maandishi ya faili yanapobadilishwa, lakini mtumiaji anaweza kuurudisha nyuma. Ukifungua kifurushi cha tar, faili huingia na mtime yake ya zamani, na programu inayosoma muhuri huo peke yake huiruka. Muhuri wa ctime hauchezewi kirahisi hivyo: husogea hata ruhusa au mmiliki anapobadilishwa. Wa tatu, atime, huonyesha faili iliposomwa mara ya mwisho.

Hapo ndipo mafundi walipogawanyika kati ya tar na dump. Tar hupitia mlango wa mbele, ikisoma faili moja baada ya nyingine, kwa hiyo huvuruga atime. Fundi akiirudisha atime ilivyokuwa, kitendo hicho chenyewe husogeza ctime, na programu inayofuata ctime itadhani faili zote zimebadilika. Dump huikwepa shida hiyo kwa kusoma inodi moja kwa moja kwenye diski. Mwaka 1991, Elizabeth Zwicky wa SRI International alizijaribu programu hizi kwa faili zenye majina marefu, herufi za ajabu na mashimo ndani yake. Nyingi zilijikwaa, na dump ikaibuka bora.

Miaka 10 baadaye, Aprili 2001, Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliishambulia dump hadharani. Katika Linux ya wakati huo, alieleza, faili iliyoandikwa sasa hivi inaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu ya mashine huku diski ikionyesha mambo ya jana, na dump huiangalia diski tu. Kwake, anayeitegemea dump anacheza kamari. Wote wawili walikuwa na hoja: Zwicky alipima uaminifu wa nakala, Torvalds akauliza nakala hiyo imechotwa wapi.

Swali la kilichobadilika lilipata majibu mengine pia. Programu ya rsync ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ya mwaka 1996, hulinganisha ukubwa na mtime, na ikiagizwa hukagua yaliyomo yote. ZFS, mfumo wa faili wa mwaka 2005, iliibeba kazi hiyo ndani ya mfumo wenyewe.

Kinachosikitisha ni kwamba vyuo vyetu vingi vya kompyuta hufundisha pakeji, Word na Excel, kisha hutoa cheti bila mwanafunzi kurejesha hata faili moja iliyofutwa. Rsync ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu. Mwenye saiba anayetunza mkataba wa shamba la familia ana wajibu wa kuinakili diski yake kila jioni, na mara kwa mara kujaribu kuifungua nakala hiyo kwenye mashine nyingine. Wajibu huo uanze kufundishwa darasani, hapa Kajiado, kabla ya cheti kutolewa.